Saa iliyorudi nyuma usiku

Saa 2:10 asubuhi. Kazi yangu ya kwanza kila siku ni kufungua vipimo vya usiku. Tuna Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo inayorekodi joto la chumba cha sampuli kila dakika. Leo mchoro umejikunja: mstari wa 21:29 umefuatwa na wa 21:18. Mashine, inayohesabu saa kuanzia usiku wa manane, inadai sasa ni 01:27 badala ya 08:10, yaani iko nyuma kwa saa 6 na dakika 43. Nimeshtuka kweli, kwa sababu joto lisilojulikana lilipimwa lini halimsaidii mtu kuamua kama sampuli zimeharibika.

Saa 2:40. Mlinzi amethibitisha kwamba umeme ulikatika usiku. Kompyuta hii haina saa yenye betri. Programu iitwayo fake-hwclock huandika wakati kwenye kadi ya kumbukumbu mara moja kwa saa, na mashine ikiwaka huanzia pale ilipoandika mwisho. Iliandika 21:17, ikazimika, ikaamka kama vile haikulala. Hilo nalielewa. Nisichoelewa ni kwa nini haikujisahihisha ilipopata mtandao.

Saa 3:15. Timedatectl, amri inayoonyesha hali ya saa, inasema huduma ya kulinganisha saa inafanya kazi, ila saa haijalinganishwa. Watu wengi huona hilo neno la kwanza wakaishia hapo. Huduma kuwa hai ni jambo moja, kujibiwa ni jambo lingine. Ping, jaribio la kuona kama mtandao unajibu, inapita, kurasa zinafunguka. Nikawasha tcpdump, programu inayoonyesha paketi (vifurushi vya data) zinazopita mtandaoni, kwenye poti 123 ya UDP, mlango ambako NTP, njia ya kompyuta kuulizana saa, husafiri, nikakaa kuitazama. Paketi moja ikatoka. Kimya. Nyingine ikatoka. Kimya tena. Kwa dakika kumi hakuna hata moja iliyorudi.

Saa 4:30. Kumbukumbu za huduma ndizo zilizonifungua macho: malalamiko ya kukosa jibu hayakuanza jana, yalianza siku tisa zilizopita, siku ile ile ruta ilipobadilishwa. Kumbe umeme haukuleta tatizo, uliliibua tu. Fuwele inayohesabu sekunde ikikosea sehemu 20 kwa milioni, inapoteza chini ya sekunde 2 kwa siku, na nani angeona?

Saa 5:00. Nimempigia msimamizi wa mtandao.
“Kaka, poti 123 inapita kwenye ruta mpya?”
“Haipiti, dada, tumeifunga kwa makusudi. Tumieni seva ya saa ya humu ndani.”
Uamuzi wenyewe siupingi. Naumia tu kwamba sisi wenye mashine hatukuambiwa. Nimeandika anwani ya seva hiyo kwenye faili la mipangilio la timesyncd.conf, mstari wa NTP, nikaanzisha huduma upya. Sekunde chache tu, saa ikaruka hadi mahali pake.

Saa 6 mchana hadi 8. Kurekebisha vipimo. Faili la asili sikuligusa, nimefanyia kazi nakala. Mistari yote ya kati ya kuwaka na kulinganishwa nimeiongezea 6:43, na safu mpya inayosema wakati huo umekokotolewa. Atakayesoma ana haki ya kujua.

Saa 9 alasiri. Nimefunga moduli ya DS3231, saa ndogo yenye betri ya CR2032. Pini nne tu: umeme, ardhi na nyaya mbili za I2C za kupitishia data. I2cdetect, amri inayotafuta vifaa kwenye nyaya hizo, ikaonyesha 68, anwani ya saa hiyo, moyo ukatulia. Nikaongeza mstari wa dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye faili la config.txt ili mashine iitambue, nikaondoa fake-hwclock, nikawasha upya. Pale palipokuwa 68 pakawa UU, maana yake kernel, kiini cha mfumo wa kompyuta, imeishika. Kisha hwclock -w, amri inayoandika saa ya mfumo kwenye moduli. Hapo mpangilio ni muhimu: hakikisha kwanza saa ya mfumo imelinganishwa, la sivyo utaihifadhi ile mbaya kwenye saa ya betri.

Saa 10:20 jioni. Jaribio. Nimechomoa waya wa mtandao, nikazima mashine vizuri, nikachomoa umeme. Dakika kumi na tano nimezitumia kuandika karatasi ya kubandika kando yake: anwani ya seva, tarehe ya betri, namba yangu. Nikarudisha umeme peke yake, waya wa mtandao ukiwa bado mezani.

Kioo kikasoma 16:36. Simu yangu, 16:36. Nikarudisha waya, nikasubiri vipimo vitatu viingie kwa mfuatano, ndipo nikafunga mlango.