Tarehe ya kompyuta inarudi nyuma kila umeme ukikatika

Kompyuta ya mezani ya ofisi moja mjini Gulu, Uganda, ilikuwa inagoma kufungua tovuti za benki na barua pepe kila umeme uliporudi. Intaneti ilikuwepo, ila kivinjari kilidai muunganisho si salama. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo saa ikipotoka hivyo kinakataliwa. Kupiga Windows upya, kama wengi wanavyokimbilia, hakusaidii kitu na kunahatarisha mafaili ya watu.

Mkosaji ni betri bapa ya CR2032 kwenye ubao mama, inayoendesha saa ya kompyuta umeme usipokuwepo. Ikiwa mpya hutoa volti 3. Hii ilipimwa ikatoa 2.1. Hutumika zaidi mashine isipopata umeme, ndiyo maana penye mgao huisha mapema.

Kwanza piga picha mipangilio ya BIOS (programu ya msingi ya ubao mama), kwa kuwa huweza kufutika betri ikitoka, hasa ya diski: ikihama kutoka RAID kwenda AHCI, yaani namna mbili za kuunganisha diski, Windows huishia kwenye skrini ya bluu. Zima, chomoa waya ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10, fungua kasha, kisha sukuma kibanio kidogo cha chuma pembeni mwa betri. Betri inachomoka yenyewe. Mpya iwekwe alama ya + ikitazama juu.

Rekebisha tarehe ndani ya BIOS kwa mkono. Windows ya nyumbani au ofisi ndogo kwa kawaida haijisahihishi kupitia mtandao saa ikipotoka kwa zaidi ya saa 15. Baadaye fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika w32tm /resync ili saa ilinganishwe na ya mtandao. Kwenye orodha ya majira ya saa chagua Nairobi. Kampala haimo, lakini zote ni UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa.