Jike Mkono wa Kuume

Kwa wiki tatu nzima nilizivaa kastaneti, zile ala ndogo za mti zinazogongwa kwa vidole, kinyume, na lawama naipeleka moja kwa moja kwa Kiswahili.

Aliyeniuzia, naye alikuwa amezitumia miaka kadhaa, alinipa maelezo mafupi kabla hajaondoka: hizi ni jozi, moja jike, moja dume. Sikuuliza zaidi, maana jibu nililiona liko wazi. Mkono wa kulia si ndio wa kuume? Na wa kushoto, wazee wa zamani si waliuita mkono wa kuke? Basi dume likaenda kuume, jike likaenda kuke, nami nikajifungia chumbani nikaanza kugonga.

Kilichonitia wazimu huo ni rekodi moja ya zamani, imejaa mikwaruzo, ya Antonia Mercé, yule mcheza dansi aliyezaliwa Buenos Aires mwaka 1890 na kujulikana kwa jina la La Argentina. Nilikuwa nikidhani kastaneti ni za kuchagiza ngoma tu, kama mtu anayepiga makofi pembeni. Mama yule alizifanya zinong'one, kisha zikapanda taratibu, zikamwagika kama choroko kwenye sinia, halafu kimya. Niliirudia rekodi mara nne usiku uleule. Asubuhi nikaanza kutafuta za kununua.

Tatizo la ala hii ni kwamba ukiitazama unaona hakuna cha kujifunza. Makombe mawili ya mti mgumu, yamechimbwa ndani, yamefungwa kwa kamba inayopita kwenye matundu juu. Jina lenyewe limetokana na castaña, yaani njugu ya mchestinati kwa Kihispania, kwa sababu ya umbo. Hakuna nyuzi za kulinganisha sauti wala mdomo wa kupulizia. Mtoto akipewa ataligonganisha moja na jingine na sauti itatoka. Mimi pia ilitoka. Nikaridhika nayo wiki tatu, mpaka nilipompata mwalimu.

Alikuwa mtu mzima, ujana wake aliumalizia jukwaani akicheza dansi za Kihispania, na vidole vyake havikutulia hata alipokuwa akinisikiliza. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia, "Haya mwanangu, nipigie unachokijua."

Nikapiga. Alifumba macho. Nikajipa moyo kwamba amezama kwenye muziki.

"Simama hapohapo," akasema. "Jike liko wapi?"

Nikainua mkono wa kushoto. Akacheka kwanza, akacheka vya kutosha, ndipo akanivua zote mbili. Akaligonga moja mbele ya sikio langu, kisha la pili. Moja lilikuwa na sauti nyembamba, ya juu. Jingine lilikuwa zito kidogo. Tofauti si kubwa, ila ukishaisikia huwezi tena kutoisikia, na nikashangaa nilikuwa na masikio ya nini muda wote ule. Jike ndilo lenye sauti ya juu, na linakaa mkono wa kulia kwa sababu mkono huo ndio unaosema maneno mengi. Dume linakaa kushoto, linaitikia. Akanionyesha alama ndogo iliyochongwa kwenye sikio la kastaneti moja, pale juu penye matundu ya kamba: ufa mwembamba ambao mimi niliudhani ni jeraha la kuangushwa. Kumbe ndiyo alama ya jike. Nilikuwa nimeupaka nta ili usionekane.

Nilipomweleza habari ya kuume na kuke, alinitazama kwa huruma. "Waliozichonga hawakukuuliza wewe lugha yako."

Kisha akahamia kwenye kamba. Kwenye gumba inazunguka mara mbili, mzunguko mmoja chini kidogo ya ukucha, mwingine nyuma ya kifundo, na kastaneti inaning'inia katikati ikielekea kiganjani. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kiasi cha kukaza. Zangu zilikuwa zimelegea, kwa hiyo baada ya kila pigo makombe yalibaki yamefumba midomo, nami nikawa nayafumbua kwa kutikisa mkono mzima, kama mtu aliyeungua. Yeye alikaza fundo mpaka kastaneti ikafunguka yenyewe kila nilipolegeza vidole. Gumba lilianza kuuma dakika ileile. Kuuma huko aliona ni jambo la kawaida kabisa.

Mkono wa kushoto ulinielewa upesi. Vidole viwili, cha kati na cha pete, vinapiga kwa pamoja: ta. Ta. Ta. Hapo sina hadithi.

Hadithi iko kulia. Kulia kuna kitu kinaitwa carretilla, na wanafunzi hukitamka ria. Vidole vinne vinapiga kwa zamu, kinaanza kidogo cha mwisho, kinafuata cha pete, cha kati, kinamalizia cha shahada, kila kimoja kikikwangua kombe na kujikunja kuelekea kiganjani. Kisha kushoto inafunga: ria-ta. Mapigo matano, na yote yawe na nafasi sawa, ndipo ukiyaunganisha yanakuwa ule mmwagiko niliousikia kwenye rekodi. Carretilla kwa Kihispania ni toroli pia. Yangu ilikuwa toroli kweli, tena la gurudumu bovu: kidole kidogo kinagusa bila sauti, cha pete na cha kati vinaanguka pamoja kama walevi wawili, cha shahada kinapiga kwa nguvu kama ndicho kilichoajiriwa peke yake.

"Weka mkono mezani," akasema mwalimu. "Kunja cha kati chini ya kiganja. Vingine vinyooshe, viguse meza. Sasa inua cha pete."

Hakikuinuka. Nilikitazama, nikakiamuru, nikauma meno. Kilikuwa kama cha mtu mwingine. Akanieleza kwamba nyuma ya kiganja kano za vidole hivi zimeshikana, kwa hiyo kimoja kikifungwa jirani yake hana uhuru. Mtu hawezi kuzikata kano zake. Kazi ni kukizoesha kidole hicho kupiga mapema, kabla jirani hajakivuta. Na tupunguze mwendo, akasema, mpaka tuone aibu.

Tukapunguza. Kidogo. Pete. Kati. Shahada. Kushoto. Kwa mwendo ule hata kobe angetupita. Alikuwa akihesabu kwa kugonga kalamu, na kila nilipojaribu kuongeza kasi kalamu ilisimama. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Ninachokumbuka ni kwamba gumba liliacha kuuma, au mimi niliacha kulisikia, na mara moja, katikati ya mapigo mengi ya hovyo, matano yakatoka yamejipanga. Ria-ta. Yalikuwa mafupi, makavu, hayakuwa na pengo.

Kalamu ikasimama hewani. "Hiyo," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Toroli likarudi, na gurudumu lake. Nikajaribu mara kumi, pengine ishirini, na ile moja haikuonekana tena. Yeye hakusikitika hata kidogo. Alifungua kamba, akanirudishia zote mbili, jike juu, akanikataza kuzivaa hadi tukutane tena wiki inayofuata. Meza yoyote ingetosha, alisema.

Usiku ule nilikaa mezani baada ya kula, mikono miwili juu ya ubao. Kidogo, pete, kati, shahada, kushoto. Kidogo, pete, kati, shahada, kushoto. Mke wangu alivumilia sana, kisha akainua macho.

"Unamsubiri nani?"

"Kidole cha pete," nikamjibu.