Nilimjibu wifi kwamba ni uchovu

Leo ni siku ya sita na bado namsikia wifi. Wiki imekuwa na mambo: kazini tumehamishiwa ghorofa ya tatu, baba watoto amerudi salama, na binti yetu mkubwa amepata ile nafasi ya masomo niliyowaomba mniombee tangu mwaka uanze. Nimeshukuru kwa yote. Lakini kilichokaa kichwani ni kitu cha nusu dakika, kilichotokea Jumapili alasiri kwenye lile kochi la chini.

Simu yangu iliita chumbani, nikataka kuinuka. Mnajua ninavyoinuka siku hizi: nasogea kwanza hadi mwisho wa mto, mkono wa kulia nashika pembe ya kochi, wa kushoto naukandamiza gotini, nainamisha kichwa mbele, halafu najisukuma. Mapaja peke yake hayaninyanyui. Nilijisukuma nikarudi chini. Mara ya pili nikasimama, nikabaki palepale nikihema, na simu imeshanyamaza. Wifi alikuwa ameketi mbele yangu, kikombe kimeishia njiani kati ya sahani na mdomo. Akasema taratibu:

"Wifi, mbona ulipokuwa na mwili ulikuwa unainuka mwenyewe?"

Nikamjibu, "Uchovu tu, wifi. Nimelala vibaya."

Basi. Tukaongea mengine, jioni akaaga, nikamsindikiza hadi mlangoni.

Siku mbili za kwanza nilikuwa nimeishikilia ile "mbona". Niliisikia kama mbona ya lawama, ya mtu aliyenisihi nisiende kupasuliwa tumbo ili nipungue uzito nami nikaenda. Na kweli alinisihi. Jumanne usiku nikaisikia tena kwa sauti nyingine, ya mtu aliyeshtuka. Nilikumbuka kile kikombe. Mtu aliyekusudia kuchoma hasahau kikombe hewani namna ile. Sawa, "mbona" nimeisamehe. Ila "mwenyewe" nimeigeuza kila upande na inabaki ilivyo, kwa sababu ni kweli. Nikiwa na kilo 128 nilikuwa naumwa magoti, pumzi inakata nikifunga kamba za viatu, lakini kwenye kochi lile nilikuwa nainuka bila kushika kitu. Sasa nina kilo 79 na nashika. Asiyejua atasema upasuaji umeniharibu, na naogopa hilo ndilo wifi aliloondoka nalo.

Kwa hiyo kila nikioga, kila nikipanda zile ngazi mpya za kazini nikiwa nimeshika ukuta, namjibu upya. Namwambia hivi: wifi, mimi sikupunguzwa tumbo peke yake. Nimeachiwa kifuko cha tumbo cha kama mililita 30, kikaunganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi, chakula kikawa kinaruka kipande chake cha kwanza. Nyongo inakutana na chakula huko chini, imechelewa. Na vitamini D husafiri pamoja na mafuta. Mafuta yasipochanganyika vizuri na nyongo, sehemu yake inapita tu na kutoka. Hapo hapo vitamini D ikikosekana, kalsiamu nayo haifyonzwi inavyotakiwa. Sasa damu haiwezi kuvumilia kalsiamu ishuke, maana moyo na misuli vinaitegemea, basi kuna vijitezi vinne vya shingoni vinatoa homoni ya kwenda kuichota mifupani. Damu inapona kwa kuikopa mifupa. Ndiyo sababu mbavu zilikuwa zinaniuma nikizibonyeza, na nyonga zikiniwaka usiku, na mapaja yakalegea. Kipimo changu kilitoka 9, yaani nanogramu 9 kwa mililita, wakati chini ya 20 tayari huhesabiwa ni upungufu na daktari wangu anataka nivuke 30.

Namwambia pia, wifi, hata huo mwili wa zamani haukuwa na akiba unayoifikiria. Vitamini D hujificha kwenye mafuta ya mwili, ikabaki humo badala ya kuzunguka kwenye damu. Wengi wetu tunapanda kitanda cha upasuaji tukiwa tumeshapungukiwa. Mimi nilikuwa na 17 kabla hata ya kisu. Imeandikwa kwenye faili, niliambiwa, nikaitikia.

Kuhusu jua msinichoke, maana kila mtu ananishauri niote jua. Nalipenda na nalitafuta, kwa sababu vitamini inayotengenezwa na ngozi haipiti tumboni kabisa, na kwa mtu mwenye utumbo kama wangu hiyo ni neema. Lakini miale inayofanya kazi hiyo haipenyi kioo, kwa hiyo kukaa dirishani ofisini hakunisaidii. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Na mtu aliyeshuka hadi 9 hapandi kwa jua la mapumziko ya mchana.

Jibu langu kwa wifi huwa zuri mpaka hapo. Kisha linakwama, na kila siku linakwama mahali palepale, kwa sababu inafuata sehemu ambayo sijawahi kuiandika hata hapa.

Niliacha vidonge. Si vyote kwa siku moja. Nilianza na kalsiamu, kile cha tatu cha usiku, maana vilikuwa vikubwa na kifuko changu kikikataa kitu kinakikataa kwa maumivu. Halafu cha mchana. Kufika mwezi wa 14 baada ya upasuaji nilikuwa nameza vitamini pale tu ninapoikumbuka. Uzito ulikuwa unashuka, nguo zinabadilika, watu wananisimamisha kunipongeza, nikajiona mzima. Mtu mzima anaenda kliniki kutafuta nini? Miadi miwili ikapita. Nilikuwa nimesaini kwamba vidonge hivi ni vya maisha, na neno "maisha" nililisoma kama linavyosomwa kwenye karatasi yoyote ya kusaini.

Kwa hiyo niliposema "uchovu tu" sikuwa nalinda upasuaji wangu mbele ya wifi. Nilikuwa najificha. Nimelitambua hilo juzi, nimeshika mswaki, na nililia hapo hapo, kilio kifupi cha aibu.

Sasa niwaambie la Alhamisi.

Nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha binti kwa ajili ya fomu zake za masomo. Droo ya chini kabisa ya kabati haifunguki vizuri, hivyo nilichuchumaa mbele yake nikaivuta kwa mikono miwili. Nikakipata ndani ya bahasha ya khaki, pembe moja imeliwa na unyevu. Nikasimama nikakisogeza kwenye mwanga wa dirisha nisome kama namba bado inaonekana. Inaonekana. Ndipo nilipojiona: nimesimama, bahasha mkono huu, cheti mkono huu. Sikushika kitu. Nilikuwa nimetoka chini kabisa, chini kuliko kochi lile.

Nikaweka cheti kitandani nikachuchumaa tena. Nikainuka. Magoti yalilia lakini mapaja yalibeba, na niliyahisi yakifanya kazi, moto kidogo juu ya goti. Tena. Na tena. Mara ya tano nikashika kabati. Mara nne, jamani! Nilikaa kitandani nimeshika mapaja yangu kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea.

Ni wiki ya sita ya dawa. Ile kubwa ya vitamini D, ya yuniti 50,000, naimeza mara moja kwa wiki, kila Ijumaa, na mlo wenye mafuta, kamwe si tumbo tupu. Kalsiamu naitumia ya sitreti, kwa sababu ile ya kaboneti inahitaji asidi ya tumbo na mimi asidi yangu ni chache. Naigawa mara tatu kwa siku, kila dozi isizidi miligramu 600, mwili haufyonzi vizuri zaidi ya hapo kwa mkupuo mmoja. Na naitenganisha na vidonge vya chuma kwa saa mbili, la sivyo vinanyang'anyana njia. Simu inalia mara tano kwa siku. Wiki ya 12 narudi kupima, na nikiwa nimepanda nitashuka kwenye dozi ya kila siku, nayo ndiyo ya maisha. Safari hii neno hilo nalisoma herufi kwa herufi. Kwa dada aliyeniuliza kama aongeze dozi mara mbili apone haraka: tafadhali usiongeze bila kipimo. Vitamini hii haitoki kwa mkojo kama vitamini C. Inajikusanya, ikizidi inapandisha kalsiamu kwenye damu na figo ndizo zinazoumia.

Nilishika simu Alhamisi hiyo hiyo nimpigie wifi. Nilitaka kumwambia nimeinuka mwenyewe, kwa neno lake lilelile. Nikaona siwezi kumpa hilo kabla sijampa lile la vidonge, na lile la vidonge sitaki kulisema kwenye simu. Amesema atakuja Jumapili. Nitakaa kwenye kochi la chini.

Ni saa saba usiku sasa, naandika nimelala chali. Ule ufa wa dari unaoanzia juu ya dirisha, baba watoto aliuwekea alama ya penseli kabla hajasafiri. Umeivuka alama kwa upana wa vidole viwili na unaelekea kwenye taa. Juu yake ndipo lilipo tangi la maji. Bado sijamwonyesha. Amefika jana tu, na amelala.