Nilivyosoma sheria ya biashara nikiwa karani wa ghala la dagaa Kibirizi

Mimi ni karani wa ghala la dagaa pale Kibirizi, Kigoma mjini, na shahada ya sheria naisomea Chuo Kikuu Huria. Wenzangu wa ghalani huniuliza muda naupata wapi. Wa chuoni wana swali lao: nimepitaje masomo ya biashara na uchumi, maana wengi wanayakimbia, wanasema heri jinai. Nawaelewa. Jinai ina visa ndani yake, mtu kaiba, mtu kapigwa panga. Sheria ya makampuni ina hisa, hati fungani, wafilisi na kesi za Waingereza waliokufa zamani. Ukiifungua usiku baada ya kazi, usingizi unakukuta ukurasa wa kwanza.

Muda nimalizane nao haraka. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti kitu, wavuvi wanapumzika, mwalo (ufuko wanakoshushia samaki) unapoa, na sisi ghalani tunabaki kuhesabu viroba na kufuatilia madeni. Siku hizo ndizo nilizozifanya za kusoma hukumu nzima. Za giza, mzigo unapoingia alfajiri, nilikuwa nasoma kifungu kimojakimoja kwenye simu. Chuo Huria kinamwacha mtu aende kwa mwendo wake, kina kituo hapa mkoani, na mitihani nafanyia hapahapa. Kingenitaka nihamie Dar es Salaam, ningekuwa bado napiga hesabu za nauli na chumba.

Shida ilikuwa kuelewa. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba nilikuwa nakighani kama kaswida: makubaliano ni mkataba yakifanywa kwa hiari, na watu wenye uwezo, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Lakini maswali ya sheria ya biashara hayakuombi ughani. Yanakupa watu watatu, mzigo, barua mbili na hasara, kisha yanakuambia: mshauri huyu wa katikati. Hapo nilikuwa naduwaa.

Aliyenitoa hapo ni bosi wangu. Tunamwita Haji, ni rika la baba yangu, biashara aliianza kwa kubeba mawese kwenye baiskeli, na hajawahi kukanyaga darasa la sheria. Usiku mmoja wa mbalamwezi alinikuta na makaratasi, akavuta kiti. "Mwanangu, hebu nisomee na mimi nisikie hao wasomi wanabishania nini."

Nilikuwa kwenye kesi ya Salomon, ile ya 1897 ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya makampuni lazima aipitie. Nikamsimulia. Kulikuwa na mtengeneza viatu London, Aron Salomon, biashara yake mwenyewe na inakwenda. Akafungua kampuni, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilitaka wanahisa saba akamweka mkewe na watoto watano, kila mmoja hisa moja. Yeye akachukua hisa 20,001. Kisha akaiuzia kampuni hiyo biashara yake, na sehemu ya malipo akapewa hati fungani, yaani hati za deni la kampuni, za pauni 10,000 zilizowekewa dhamana mali za kampuni. Haukupita muda mrefu kampuni ikafilisika. Mwenye hati fungani yenye dhamana anatangulia kulipwa, na waliokopesha bidhaa bila dhamana wakabaki hawana kitu cha kugawana.

Haji hakungoja nimalize. "Huyo tapeli. Mtu anajikopesha mwenyewe halafu anajiweka mbele ya wenzake kulipwa?"

Nikamwambia, Haji, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema karibu hivyohivyo, kwamba kampuni ile ni kivuli chake. Lakini ngazi ya juu, House of Lords, ikaitengua. Ikasema sheria imetaka wanahisa saba, haikusema wasiwe ndugu wala wawe na hisa nyingi. Kampuni ikishaandikishwa ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria.

"Sasa aliyewauzia ngozi anamdai nani?"

"Kampuni."

"Na kampuni haina kitu."

"Haina."

Akanyamaza kidogo, akawasha redio, akaizima. "Basi alitakiwa aulize kabla ya kutoa mzigo."

Nilicheka, kwa sababu hoja hiyo imo ndani ya hukumu: waliofanya biashara na kampuni walijua, au walikuwa na njia ya kujua, kwamba wanashughulika na kampuni na siyo na Salomon. Nusu saa ya Haji ilikuwa imepitia mabishano ya mahakama mbili, pande zote mbili, na mimi sasa nilikuwa nayajua kwa sababu nilikuwa nimeyatetea. Tangu hapo ikawa desturi yetu. Kila mada mpya naipeleka kwa Haji kwa Kiswahili cha kawaida. Nikikwama kumjibu, najua sijaielewa, narudi kwenye hukumu. (Na yeye alipata chake. Mnunuzi akija na muhuri wenye neno "Limited", Haji sasa anataka nifanye upekuzi BRELA, kwa wasajili wa makampuni, kwanza, na akiona deni ni kubwa anamtaka mkurugenzi aweke saini ya udhamini kwa jina lake mwenyewe.)

Mada iliyoninogea zaidi ni mkataba usiotekelezeka. Vitabu vinaanza na Taylor dhidi ya Caldwell, 1863: watu wamekodi ukumbi wa muziki, ukumbi ukaungua kabla ya siku ya tamasha, hakuna wa kulaumiwa, mkataba umekwisha. Kwetu jambo hilo limo kwenye kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba. Ningeweza kuishia kwenye ukumbi wa Waingereza, lakini ziwa lilikuwa limetupa mfano mkubwa zaidi. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, samaki wapate kuzaliana. Anayeishi Kigoma hahitaji kuelezwa mwalo ulikuwaje miezi ile.

Haji akanitungia swali. Mtu wa Tabora kakupa kianzio, umletee magunia ya dagaa mwezi wa sita. Ziwa limefungwa. Je?

Jibu langu la kwanza lilikuwa fupi: kitendo kikishakuwa haramu kisheria baada ya mkataba kufungwa, mkataba unabatilika, na aliyepokea kianzio anakirudisha. Haji akatikisa kichwa. "Na kama nilishasikia ziwa litafungwa, nikachukua hela nikanyamaza?" Kifungu hichohicho kinamjibu: aliyejua, au ambaye angejua kama angekuwa makini, na mwenzake hakujua, analipa fidia. Kufungwa kulitangazwa mapema, kwa hiyo tarehe ya kufunga mkataba ndiyo inayobeba kesi. Akaendelea. "Na kama karatasi imeandikwa dagaa tu, haikusema wa wapi?" Hapo ndipo nilipoipata sheria yenyewe. Kama ni dagaa tu, Mwanza wapo, dagaa wakavu wa zamani maghalani wapo, kilichobadilika ni gharama, na mkataba haufi kwa sababu umekuwa ghali. Kama ni "dagaa wa Kigoma", ukipeleka wa Mwanza umekutana na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa: kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo yake. Haji alikuwa ameshaamua zamani. "Nani alipie dagaa wa Kigoma halafu umletee wa Mwanza? Atakupiga."

Mtihanini lilikuja swali la meli na shehena ya mahindi. Nilibadilisha mahindi nikaweka dagaa kichwani, nikajibu, nikarudisha mahindi.

Sheria ya ushindani ndiyo niliyoitegemea iwe ngumu kuliko zote, na kwa kweli ilikuwa, mpaka Haji alipoanza kusimulia ujana wake. Alikuwa kijana wa dukani enzi za kampuni za biashara za mikoa, sukari ina bei iliyopangwa na Tume ya Bei, sukari yenyewe hamna. Anaukumbuka msako wa wahujumu uchumi wa 1983, anaeleza nani alificha nini, na mengine ameniomba nisiyaandike. Mimi nilikuwa nimesoma hayo kama orodha ya miaka: Azimio la Arusha 1967, sheria ya kudhibiti bei 1973, soko kufunguliwa, sheria ya mwenendo halali wa biashara 1994, kisha Sheria ya Ushindani 2003 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Kwake yalikuwa maisha. Nilipomweleza kwamba sasa wafanyabiashara washindani wakikubaliana bei wanavunja sheria, aliguna. "Zamani walipanga wao. Leo tukipanga sisi ni kosa." Sijapata mwalimu aliyeifupisha historia ya sheria ya uchumi ya nchi hii vizuri hivyo, na sentensi hiyo, nikiwa nimeivalisha suti, ilifungua insha yangu.

Kiini cha somo lile ni kujua soko husika ni lipi. Huwezi kusema mtu ametawala soko kabla hujasema soko lenyewe linaanzia wapi na kuishia wapi, na sheria yetu inalipima kwa uwezekano wa kubadilisha: bei ikipanda hapa, mnunuzi anahamia wapi? Niliuliza wateja kweli. Mama lishe wa Mwanga aliniambia dagaa wakipanda ananunua maharage, biashara iende. Mama mwingine, anayewatumia watoto wake Dar es Salaam vifurushi, alisema wapande wasipande atanunua, labda apunguze. Wenye hoteli wanaotaka migebuka, samaki wakubwa kuliko dagaa, hawaangalii kabisa bei ya dagaa. Kwa hiyo kwa mama lishe soko ni kitoweo cha bei nafuu, kwa yule mama ni dagaa wa Kigoma peke yake. Ukichora soko pana, hakuna mkubwa hapa mwaloni. Ukilichora jembamba, wawili watatu wanaanza kuonekana wakubwa mno. Wanasheria wanalipwa kubishania mstari huo, na mimi nadhani ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika shahada nzima, ingawa wenzangu wananiona nimechanganyikiwa.

Lugha. Sheria ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini masomo na mitihani yangu ni Kiingereza, na hukumu nyingi ninazosoma kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania ambako zinapatikana bure, ni Kiingereza pia. Nilichofanya ni kugawa daftari. Kurasa za kushoto Kiswahili: nani kaahidi, nani katoa hela, nini kimeharibika, nani anamdai nani. Za kulia Kiingereza, jibu tu. Upande wa kushoto usiposimama, sigusi wa kulia. Kwenye chumba cha mtihani nafanya hivyohivyo kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu, naukata mstari kabla ya kukusanya.

Anayetaka kuanza asinunue kitabu kikubwa kwanza. Achapishe Sheria ya Mikataba, atembee nayo mfukoni, kisha Sheria ya Makampuni ya 2002. Aangalie tu toleo: sheria zetu zimepitiwa upya, Toleo la 2023 limeanza kutumika 1 Julai 2025, na namba za vifungu kwenye hukumu za zamani na kwenye madaftari ya waliotutangulia, yangu yakiwemo, ni za kuhakiki kabla ya kuziandika mtihanini. Mimi sasa nimeingia sheria ya kodi. Haji ameniambia hiyo tutaisoma na mlango umefungwa.