Unasikia?

Kazi yangu ni kulaza watu. Mimi ni nesi wa usingizi katika hospitali ya wilaya, mwaka wa 14 sasa, na sidhani kuna neno nililolitamka mara nyingi kuliko "unasikia?" Mama anayepasuliwa ili ajifungue namchoma sindano ya mgongo, kisha nabana ngozi ya tumbo kwa kibanio. "Mama, unasikia?" Wengi hujibu vilevile: "Nasikia unanigusa, ila maumivu sisikii." Kiswahili kinasikia kila kitu: sauti, harufu, njaa, baridi, uchungu. Kwa hiyo swali langu la thieta si la masikio. Nauliza kama ndani mna mtu anayepokea.

Desemba iliyopita swali hilo lilinifuata nyumbani. Mpwa wangu, mtoto wa kaka, anasoma kompyuta chuoni na alikuja likizo. Usiku mmoja akafungua laptopu mezani, kando ya ungo wa ndizi mbivu uliojaa vinzi, akasema, "Shangazi, huyu hapa ni mwenzao."

Ilikuwa modeli ya ubongo wa nzi wa matunda. Watafiti waliuchukua ubongo wa nzi mmoja jike, wakaukata vipande vyembamba mno, zaidi ya 7,000, wakavipiga picha kwa hadubini ya elektroni na kufuatilia kila uzi wa neva. Oktoba 2024 mradi wa FlyWire, unaoongozwa kutoka Princeton, ulitoa ramani nzima katika jarida la Nature: niuroni, yaani seli za neva, 139,255, na viungio kati yao kama milioni 50. Siku hiyohiyo mtafiti Philip Shiu na wenzake wakachapisha modeli ya kompyuta iliyojengwa kwa ramani hiyo, wakaiacha wazi kwa yeyote anayetaka kuijaribu.

Mpwa wangu akaziamsha niuroni zinazoonja sukari. Msisimko ukapita seli hadi seli, mpaka ile inayonyoosha mrija wa mdomo nayo ikaamka. Akaongeza ladha chungu, ikanywea. Na pale kwenye ungo vinzi vyenyewe vilikuwa vimeshaishusha midomo yao juu ya ndizi.

"Sasa hii inasikia utamu?" akaniuliza. Sikuwa na jibu, na usiku ule usingizi ulinipaa.

Wazo la kwanza lilitoka kazini. Nzi hulala kwa isoflureni, dawa ileile ninayompa binadamu. Hata yule mnyoo mdogo wa maabara mwenye niuroni 302 hutulia nayo. Nikadhani nimepata kipimo: kinacholazwa na dawa yangu kina kitu cha kupoteza, na modeli huwezi kuilaza, unaizima tu. Asubuhi nikifagia uani nikakanyaga kifauongo, majani yakajikunja, kipimo changu kikaanguka palepale. Mfaransa Claude Bernard alionesha tangu karne ya 19 kwamba mmea huo ukipewa mvuke wa etha, dawa ya usingizi ya zamani, unaacha kujikunja ukiguswa. Upande wa pili ipo ketamini, dawa nyingine ya kulaza. Mgonjwa anakodoa macho, anapumua mwenyewe, pengine mkono unasogea, naye hayupo. Kujibu kwa mwili hakuniambii kama mtu anasikia.

Na ile modeli, mpaka sasa, inajibu tu. Kinachonifanya nisadiki hivyo ni ukimya wake. Kila niuroni imewekwa iwe kimya mpaka uisukume, na zote zimechukuliwa kana kwamba ni za aina moja. Haina homoni, haina tumbo. Ubongo wa mgonjwa niliyempiga nusu kaputi bado unatoa mawimbi usingizini. Huo wa kwenye laptopu usipouchokoza hauna kitu. Nzi aliyeshiba huondoka. Huyu atanyoosha mdomo mpaka betri iishe.

Mwanasayansi wa ubongo Christof Koch anakwenda mbali zaidi: kwake hata modeli isiyokosa kitu haitakuwa na fahamu, kama vile mvua iliyoigizwa kwenye kompyuta isivyoilowesha kompyuta. Hapo namwacha aende peke yake, kwa sababu fani yangu ilishawahi kuwa na uhakika wa namna hiyo. Mpaka miaka ya 1980 watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa kwa dawa ndogo sana ya maumivu, wengine wakipewa tu dawa ya kulegeza misuli ili wasicheze, kwa imani kwamba neva zao hazijakomaa. Mwaka 1987 daktari Anand na wenzake walionesha katika jarida la Lancet kwamba watoto njiti waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, wakati wa upasuaji miili yao ilitaabika kidogo kuliko ya wenzao, na matatizo baadaye yalikuwa machache. Kabla ya hapo kilio chao kiliitwa refleksi, yaani mwili kujibu wenyewe bila kusikia uchungu. Nilifundishwa habari hii chuoni na haijanitoka mpaka leo. Kila mtoto mchanga anapowekwa mbele yangu naikumbuka. Nikiwa na shaka naongeza dawa. Sisubiri kuthibitishiwa.

Mpwa wangu anataka mradi wake wa mwaka wa mwisho uwe kuiongezea modeli ile njaa, kitu kinachopanda kadiri muda unavyokwenda na kuisukuma itafute sukari yenyewe. Sikumkataza. Nimemwomba siku akiiwekea njaa, aiwekee na shibe.