Mtoto wa jicho katoka, majimaji yakaja nyuma

Tangu mama atolewe mtoto wa jicho watu wananipigia simu ati hongera, mzee wetu sasa anaona, na mimi nashindwa kuitikia kwa moyo mmoja. Wiki za kwanza kweli aliona. Alirudi Busia akawa anahesabu noti zake mwenyewe pale sokoni, anatambua sura za wateja wanaovuka kutoka upande wa Kenya, furaha tupu. Halafu kama mwezi hivi umepita jicho likaanza kufifia tena, ila sio ule ukungu wa zamani, pembeni anaona vizuri kabisa ila katikati kuna doa, na fremu ya mlango anaiona imepinda.

Majirani wakasema mtoto wa jicho karudi. Hapana jamani, mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho yenyewe iliyoingia ukungu, na ikishatolewa imetolewa. Kinachoweza kupata ukungu baadae ni ule utando uliobaki nyuma ya lenzi ya bandia na huo unafunguliwa kwa leza, dakika chache tu. Ya mama haikuwa hiyo.

Tukarudi Kampala, karibu kilomita 200, akapigwa picha ya OCT, ile ya mwanga inayoonyesha tabaka za nyuma ya jicho. Dakta akageuza kompyuta nione. Katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, pale panaitwa makula, panatakiwa kuwe na kibonde kidogo, kwa mama palikuwa pameinuka kilima na ndani yake matundu meusi meusi kama sega la asali. Hayo ndo majimaji. "Lenzi iko sawa kabisa mama, shida iko nyuma." Mama akanyamaza, halafu akasema, "Dakta, mimi nilijua nimemaliza."

Dakta alivyonieleza ni hivi: upasuaji hata ukienda vizuri unaleta uchochezi, yaani hali ya kuvimba, ndani ya jicho, zile kemikali zake zinafika mpaka nyuma na vimishipa vya makula vinaanza kuvuja. Hii kitu ilielezwa na daktari wa macho Irvine tangu 1953, mwenzake Gass akaifuatilia miaka ya 60, ndo maana wanaiita Irvine-Gass. Mtu asiye na kisukari mara nyingi inakauka yenyewe baada ya miezi kadhaa. Lakini mama ana kisukari cha miaka mingi, mishipa yake ilikuwa imeshachoka kabla hata kisu hakijagusa, kwahiyo kwake huwezi kukaa ukasubiri.

Na hapo ndo panaponiuma. Kule alikofanyiwa walimpa tarehe ya kesho yake na ya wiki moja, basi, wakati maji haya yanapenda kuja wiki ya nne mpaka ya sita na kuendelea, mtu ameshafika nyumbani ameshasahau hospitali. Kama mzazi wako ana kisukari, omba retina iangaliwe kabla ya upasuaji, na umrudishe baada ya mwezi hata kama anasema anaona.

Kwenye benchi tulikaa na mzee mmoja aliyewahi kutolewa ute wa ndani ya jicho kwasababu ya retina, yeye shida yake ilikuwa mezani kwenyewe alipokuja kutolewa mtoto wa jicho, maji ya mashine yalisukuma lenzi na mboni kwenda nyuma ghafla, akasikia maumivu, daktari akashusha presha ya maji akainua ukingo wa mboni kwa kifaa ndo pakatulia. Macho ya namna hii yanataka mkono unaojua unachokwenda kukutana nacho.

Mama sasa anatumia matone ya ketorolaki na ya steroidi, dawa za kutuliza uchochezi, presha ya jicho inapimwa maana steroidi inaweza kuipandisha, na anachomwa sindano ya bevasizumabu ndani ya jicho kuzuia mishipa isivuje, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kansa ila ikigawanywa vidogo vidogo inakuwa nafuu. Picha ya mwisho kilima kimepungua. Jicho la pili bado lina mtoto na ameshaanza kuulizia lini, dakta kasema kwanza sukari ishuke na retina ya upande huo ipigwe picha, ikikutwa na maji sindano inatangulia.