Jumapili ya pini na grisi

Wiki hii breki za mbele za gari langu, Toyota IST, zilianza kupiga mluzi. Sikushtuka, maana mluzi ule umewekwa makusudi: pedi nyingi za breki, vile vipande vinavyoibana diski ya gurudumu, zina kibati kidogo kinachokwaruza diski pedi ikikaribia kuisha, ili dereva asikie kabla chuma hakijaanza kusaga chuma. Jana nikapita Kariakoo, muuza spea akaniuliza swali lao lilelile, "Orijino au za kawaida?" Nikachukua orijino, pamoja na kikopo cha grisi ya breki.

Uwanja wetu huku Kigamboni ni mchanga mtupu, na jeki kwenye mchanga huzama upande mmoja bila kuaga. Nikaiwekea ubao mpana, nikazuia magurudumu ya nyuma kwa matofali, nikalegeza nati gari likiwa bado chini, ndipo nikanyanyua na kuingiza stendi. Hapo sina masihara. Chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake siingizi hata mkono.

Mzee wa nyumba ya mbele akatokea na kikombe chake cha chai.

"Baba Nasra, gari limegoma?"

"Shikamoo mzee. Halijagoma, nabadilisha pedi."

"Marahaba. Kwani mafundi wamekwisha mjini?"

Akavuta kigoda, akakaa kutazama.

Kubadilisha pedi zenyewe ni kazi ndogo. Kilichonisimamisha ni zile kuukuu nilipozilaza kwenye gunia. Za upande wa kushoto, ya nje ilikuwa bado nene, ya ndani imebaki nyembamba kama vocha ya kukwangua. Kalipa ya gari hili, yaani kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, ina pistoni upande mmoja tu, wa ndani. Pistoni inaisukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza kwenye pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje nayo ibane. Pini zikikwama, pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili.

Nikaifungua kalipa yote na kuining'iniza kwa waya, uzito wake usiulemee mpira wa breki. Pini ya chini ilitoka vizuri. Ya juu niliizungusha kwa koleo huku nikivuta, ikatoka kwa shida, ina kutu ya kahawia na grisi iliyokwisha kuganda kama gundi.

Pedi zilizopita zilifungwa gereji, na ni wazi pini hazikuguswa. Simlaumu sana fundi. Yeye analipwa kwa kufunga pedi, nyuma yake kuna magari yanasubiri, na mwenye gari (mimi huyuhuyu) amesimama kichwani anauliza kama bado. Hakuna mteja anayelipia kusugua pini. Hii ndiyo faida ninayoiona ya kujifanyia nyumbani, kuliko hata hela, kwa sababu hela yenyewe inaishia kwenye spana na stendi. Hapa hakuna anayenihimiza. Nilikaa na ile pini, msasa laini na kitambaa mpaka chai ya mzee ikaisha na nyingine ikaletwa. Nikapaka grisi ya breki, siyo ile ya bearingi: grisi ya petroli huvimbisha raba za pini, zikakwama upya. Nikairudisha, nikaisukuma kwa kidole kimoja, ikateleza.

Kurudisha pistoni ndani nilitumia klampu ya seremala na pedi kuukuu, polepole, huku nikichungulia kikopo cha mafuta ya breki kwenye boneti. Pistoni ikirudi, mafuta yanapanda, na yakimwagika yanakula rangi ya gari. Upande wa kulia ulikuwa safi, sikuwa na la kuandika.

Kabla ya kuwasha nilikanyaga pedali mara kadhaa hadi ikawa ngumu. Ukisahau hilo, kanyago la kwanza linazama hadi chini gari likiwa tayari linatembea. Nikazunguka mtaani taratibu, nikifunga breki kidogokidogo ili pedi zizoeane na diski. Mluzi umekwisha.

Breki za nyuma ni za ngoma, siyo za diski, zina springi nyingi zenye hasira. Hizo nitampelekea fundi, nisimame pembeni nikae kimya.

Mzee ameshaniuliza kama naweza kuitazama Noah yake. Nimemwambia grisi imebaki, ila pini atazisugua mwenyewe.